Siku Duka la Miwani Lilipouza Miwa

Saa mbili asubuhi, Mama Herufi anafungua kufuli la karakana yake, anasukuma mlango kwa goti, na kabla ya kuketi anafanya kazi ambayo haina faida yoyote: anaosha brashi. Anazichomoa moja moja kwenye kopo la mafuta ya taa, anazikamua kwa kitambaa, anazitundika ukutani kuanzia nene hadi nyembamba. Hajazitumia tangu mwaka jana.

Kisha anapangusa meza na kufungua kompyuta mpakato iliyopasuka kona moja. Anaiweka juu ya ubao aliokuwa akichanganyia rangi. Anavaa miwani. Mkono wa kushoto unashika kifundo cha mkono wa kulia, kama mzazi anayemshika mtoto mtukutu kwenye foleni, na kidole kimoja kinashuka polepole kwenye kibodi. Kwenye skrini zinatokea herufi tatu badala ya moja.

“Hii nayo,” anasema, akizifuta mbili. “Lakini angalau hapa kosa halihitaji mafuta ya taa.”

Mama Herufi ana miaka hamsini na sita, na kazi yake ni kuandika mabango. Kwa zaidi ya nusu ya umri huo amewaandikia vinyozi, maduka ya dawa, shule za chekechea na mafundi wa redio. Ukitembea mitaa miwili kutoka karakana yake utakutana na mwandiko wake kwenye kuta, umepauka lakini umenyooka, na herufi R yenye mguu mrefu ambayo watu wa eneo hili wanaitambua kama wanavyotambua mwendo wa jirani.

“Ukiniuliza neno nililoliandika zaidi maishani, si jina langu,” anasema. “Ni ‘Marufuku kukojoa hapa’. Na walikuwa wanakojoa hapohapo. Ila walikuwa wanasoma kwanza.”

Siku hizi anajifunza CSS, lugha ya kuzivisha kurasa za mtandaoni. Ukurasa usio na CSS unasomeka, lakini umekaa kama nyumba isiyopigwa plasta: maandishi meusi kwenye weupe, kila kitu kimeegemea kushoto. CSS ndiyo inayosema kichwa cha habari kiwe kikubwa kiasi gani, kiwe na rangi ipi, na kikae mbali na ukingo kwa nafasi gani. Vijana wanajifunza wakiwa na miaka kumi na minane. Majirani hawakuacha kumkumbusha hilo.

“Waliniambia samaki mkunje angali mbichi,” anasema. “Nikawajibu, mimi ni samaki mkavu, sawa. Lakini hata mkavu ukimloweka analainika.”

Sababu ya kujiloweka hivyo hakuwaambia.

Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yalipoingia, kazi yake ilipungua kwa kiasi ambacho wenzake wengi walishindwa kustahimili. Bango lililokuwa likimchukua siku mbili sasa linatoka dukani kabla chai haijapoa. Zamani alikuwa na mabango matatu kwa wiki. Baadaye akipata moja kwa mwezi anashukuru. Hata hivyo, anasema, mashine hakuiogopa. Kuna watu wanaopenda ukuta ulioandikwa kwa mkono, na hao walikuwa wanamtosha.

Kilichomwogopesha kilitokea siku alipokuwa akiandika neno “Saluni”. Alifika kwenye kiuno cha herufi ya kwanza, pale brashi inapogeuka, na mkono ukatikisika. Akafuta, akarudia. Ukatikisika tena. Mwenye saluni alikuwa amesimama nyuma yake.

“Nikamwambia rangi ni mbovu, arudi kesho,” anasema. “Rangi ilikuwa nzima. Niliisingizia.”

Daktari alimwambia ni mtetemo wa neva. Hauui na hauponi; utaongezeka taratibu. Alirudi nyumbani akamwambia mtu mmoja tu, binti yake, kisha akamwomba asimwambie mwingine. Wateja wakiuliza mbona haonekani ngazini, alikuwa anasema ana kazi nyingi. Kumbe anakaa karakanani mlango umefungwa.

“Uandishi ndio watu wanaonijulia,” anasema, na hapa hatanii. “Wakijua mkono umeondoka, mimi nitakuwa nani? Mama mmoja tu mwenye makopo.”

Binti anayemtaja ana miaka ishirini na saba na anatengeneza kurasa za mtandaoni katika ofisi moja ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Jioni moja alikuwa akimwonyesha mama yake ukurasa wa duka la vitabu alioumaliza. Mama aliutazama kwa muda mrefu kuliko binti alivyotarajia.

“Hizi herufi kaandika nani?” akauliza.

“Hakuna aliyeziandika, mama. Zinaambiwa tu zikaeje.”

“Zinaambiwa na nani?”

“Na mimi.”

“Basi niambie na mimi unavyoziambia.”

Wakaanza Jumamosi iliyofuata. Binti alidhani mama angechoka baada ya wiki mbili. Somo la kwanza lilikuwa kubadilisha rangi ya maneno, na somo la kwanza karibu liwe la mwisho. Shuleni, enzi zake, Mama Herufi alifundishwa Kiingereza cha Waingereza, ambamo neno la rangi huandikwa “colour”, lenye u. CSS inataka “color”. Aliandika kwa u, akaagiza nyekundu. Maneno yakabaki meusi. Akaagiza kijani. Meusi. Akaagiza bluu.

“Mteja ukimkosea anafoka, unajua mmekosana,” anasema. “Huyu ananyamaza tu. Kama mkwe aliyekasirika. Anakula chakula chako, haongei.”

Binti alimkuta ameikunjia kompyuta mikono.

“Mama, ondoa hiyo u.”

“Niiondoe? Mwalimu wangu alinichapa kwa kuiondoa.”

“Mwalimu wako hakuandika CSS.”

Akaiondoa shingo upande, na neno likawaka jekundu. Anakiri kwamba alifurahi kama mtoto, na kwamba bado anamwonea huruma yule mwalimu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na wote wawili wanalisimulia kwa sauti ya chini kidogo.

Ukurasa wa mtandaoni umejengwa kwa visanduku vilivyo ndani ya visanduku. Cha nje huitwa mzazi, cha ndani huitwa mtoto, na viwili vinavyokaa ndani ya mzazi mmoja ni ndugu. Rangi ya maandishi hurithiwa: ukimpa mzazi, mtoto anaipata bila kuagizwa. Mama Herufi alipoelezwa hivyo, uso ulimng’aa. “Hii ni familia,” alisema. “Hii naijua.”

Basi akaweka rangi ya bluu kwenye kisanduku kimoja na kusubiri maneno ya kisanduku cha jirani yageuke. Hayakugeuka. Akakagua tahajia. Ilikuwa sawa. Akamwita binti.

“Huyu ni ndugu wa mzazi wa huyu,” akamwonyesha kwa kidole. “Yaani ni mama yake mkubwa. Mbona mtoto harithi?”

“Huku hawarithi kwa mama mkubwa,” binti akajibu, macho kwenye skrini. “Ni kwa mzazi tu.”

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Binti huyu alizaliwa na mdogo wake Mama Herufi, aliyefariki mtoto akiwa hajaanza kutembea. Aliyemlea, aliyemsomesha na anayemwita mama tangu aanze kusema ni mama yake mkubwa, huyo huyo aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta.

“Nilijuta,” binti anasema. “Sikuwa nazungumza juu yetu. Lakini kwa masikio yangu mwenyewe ilisikika hivyo.”

Mama akasema, “Basi lugha hii haikulelewa vizuri.”

Binti akavuta kiti. Alimweleza upya, safari hii bila haraka. CSS haiulizi nani kamzaa nani. Inauliza mtoto yumo ndani ya nyumba ya nani. Mstari ule ule ukiuhamisha, ukauweka ndani ya kisanduku kile kingine, unachukua rangi ya hukohuko. Alimwachia kibodi aujaribu mwenyewe. Mama Herufi, mkono ukiwa umeshikwa na mwenzake, akaukata mstari, akaubandika ndani, akabonyeza. Maneno yakawa ya bluu.

“Nilimwacha na bluu yake,” binti anasema. “Mimi nilitoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.”

Baada ya hapo alijifunza haraka, pengine haraka kupita kiasi. Rafiki yao wa siku nyingi, mwenye duka la miwani wanayemwita Bwana Miwani, alimsimamisha njiani akamwambia anataka ukurasa wa mtandaoni, wateja waone fremu na saa za kupimwa macho kabla hawajapanda ngazi. Bango la duka lake, lililoandikwa mwaka alipofungua, ni la Mama Herufi.

“Alitaka kunituma tu kwa binti yangu,” anasema. “Nikamwambia, nitakuandikia mimi. Maneno yalitoka kabla sijayapima.”

Bwana Miwani hakuwa na pingamizi. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi, akaongeza kwamba kuna kampuni imeshamfuata kwa kazi hiyo hiyo na hapendi kuwaweka watu wakisubiri. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Kwa Mama Herufi kazi ile haikuwa ukurasa tu. Ilikuwa mtihani wa kama anaweza kuendelea kuwaandikia watu bila mtu yeyote kujua kwamba brashi imemkataa. Akaifanya kwa njia pekee aliyoijua. Alichukua rula yake ndefu ya mbao, akapima skrini kama anavyopima ukuta, akagawa nafasi ya kila herufi, akaandika vipimo. Kichwa cha habari kilikuwa DUKA LA MIWANI, herufi nene, mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Palipotokea kamstari ka kijivu chini, kanakoonyesha kuwa maneno yamezidi nafasi, akatafuta na kupata amri ya kuficha kilichozidi. Aliipenda sana amri hiyo. Aliiona kama kitambaa chake cha kupangusia rangi iliyovuka mstari.

Binti alikuwa amesafiri kikazi wiki hiyo. Alimwambia mama amsubiri. Mama hakusubiri; akaupeleka ukurasa dukani mwenyewe.

Dukani siku hiyo palikuwa na wateja kwenye benchi, na mmoja wao, mzee aliyekuwa ametoka kupimwa macho, amevaa lenzi za majaribio. Bwana Miwani alifungua ukurasa kwenye simu yake ndogo, akampa mzee asome, kwa fahari, kama njia ya kujaribu lenzi.

“Duka... la... miwa,” mzee akasoma.

“Mzee wangu, hebu kaa nikupime tena,” Bwana Miwani akamwambia.

“Sina haja ya kupimwa. Miwa. Hii hapa.”

Bwana Miwani akaichukua simu, akaisogeza, akavua miwani yake, akaivaa tena. Upana uliotosha kwenye kompyuta haukutosha kwenye simu, na amri ya kuficha kilichozidi ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu: ilificha herufi mbili za mwisho. Kutoka benchi la nyuma mtu akasema, “Kama ni hivyo nipe iliyomenywa kabisa,” na duka zima likaangua kicheko.

“Nilicheka na mimi,” Mama Herufi anasema. “Nilicheka kwa meno. Ndani nilikuwa naungua.”

Bwana Miwani alimsindikiza hadi mlangoni. “Dada, kosa moja haliachi mke,” alimwambia. “Rekebisha uniletee. Siku bado zipo.”

Hakurekebisha. Aliifunga kompyuta akaifunika kwa turubai la kukingia rangi. Miaka yote aliyopanda ngazi, hakuna herufi yake iliyowahi kudondoka ukutani, na sasa mbili zilikuwa zimedondoka mbele ya watu. “Nikasema, mkono umekataa, na kichwa nacho kimekataa. Basi nikae.”

Binti aliporudi alilikuta turubai. Aliambiwa kisa chote na akafanya kosa la kucheka, kisha akaona uso wa mama yake na kuacha. Ndipo alipomwuliza swali ambalo Mama Herufi analitaja kama somo lenyewe, akisema yote ya nyuma yalikuwa maandalizi.

“Mama, ukuta umewahi kukubadilikia upana ukiwa juu ya ngazi?”

“Ukuta haukimbii.”

“Huku unakimbia. Mtu mmoja ana ukuta wa kiganja, mwingine wa meza nzima. Na huwezi kujua nani atafungua.”

“Kwa hiyo nisipime?”

“Usipime sentimita. Sema sehemu. Sema nusu, sema robo, sema neno likikosa nafasi lishuke mstari wa chini.”

Mama Herufi alilichukulia vibaya. Kipimo ndiyo heshima ya kazi yake. Mwandishi wa mabango anajua neno litaishia wapi kabla hajachovya brashi. Asiyejua ni mpiga chokaa tu. Alibishana na binti mchana mzima. Alitaka walau aelezwe kichwa cha habari kitakatika wapi kwenye simu ya Bwana Miwani.

“Hujui,” binti akamjibu. “Unaweka masharti, halafu unaliachia liende likakae huko lilikokwenda.”

Mama Herufi anasema kauli hiyo ilimfanya ainue macho kutoka kwenye skrini. Akamtazama aliyeisema, mtu mzima mwenye kazi yake na funguo za chumba chake mkononi.

“Nikamwambia, hiyo si kuandika. Hiyo ni kulea,” anasimulia. “Na kulea nimeshalea.”

Wakafuta vipimo vyote. Amri ya kuficha kilichozidi aliifuta mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine.

Alasiri, siku mbili kabla ya mwezi kuisha, mwandishi wa makala haya anaandamana nao hadi duka la miwani. Mama Herufi amevaa gauni lililopigwa pasi na amebeba mkoba ambao hana haja nao, ili mkono wa kulia uwe na cha kushika. Kwenye ngazi anasimama mara moja, si kwa uchovu.

Bwana Miwani anafungua ukurasa kwenye simu yake. Anailaza simu upande, maneno yanapanuka. Anaisimamisha, “Duka la” linapanda juu na “Miwani” linashuka chini, zima. Anampa mteja mwenye simu kubwa ajaribu na yake. Anajaribu kwenye kompyuta ya mezani. Anapita kwenye fremu, kwenye saa za kazi, kwenye namba ya simu, akisoma kila kitu kwa sauti kama mtu anayehesabu mizigo baada ya kuhamishwa.

“Hii naichukua,” anasema hatimaye. “Wale wa kampuni nitawapigia.”

Binti anaachia pumzi. Mama Herufi anaitikia kwa kichwa, anaanza kugeuka, na Bwana Miwani anaongeza, kwa furaha ya mtu aliyependezwa:

“Na kwa kuwa uko hapa, dada. Bango la nje limepauka. Wiki ijayo panda unipigie rangi upya. Hutaki watu wamwone mwingine kashika brashi kwenye bango lako.”

Binti anatazama sakafu. Jibu la siku zote liko tayari, kwamba ana kazi nyingi, na mtu akimtazama Mama Herufi anaona likija hadi mdomoni.

Anaweka mkoba juu ya kaunta ya kioo. Anauachia. Kisha anaweka mkono wa kulia kando yake, wazi, na fremu zilizopangwa chini ya kioo zinaanza kulia kwa sauti ndogo.

“Siwezi kupanda,” anasema. “Mkono ndio huo. Una mwaka na zaidi.”

Bwana Miwani anautazama. “Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungenipa ukurasa?”

Anafikiri kweli, na hilo peke yake ni heshima. “Sijui,” anajibu. “Pengine nisingekupa.”

“Ndiyo maana sikusema. Lakini mficha uchi hazai. Nimechoka kusingizia rangi.”

“Sasa bango atapiga nani?”

“Nitakutafutia mtu. Mimi nitasimama chini nimkaripie.”

Bwana Miwani anacheka, halafu anaiweka simu mezani, ukurasa ukiwa bado wazi, na kumwuliza kama anaweza kuongeza sehemu ya watoto wanaovaa miwani mara ya kwanza. Mama Herufi anamwambia anaweza, ila safari hii atamsubiri binti aukague kwanza.

Tukiwa njiani kurudi anaeleza anachotaka kufanya baada ya hapo. Anajua waandishi wengine wa mabango, watu wazima kama yeye, ambao sasa wanakaa tu nyumbani. Anataka kuwaita karakanani siku za Jumamosi. Anataka pia kujifunza zaidi kuhusu ukubwa wa maandishi na tofauti ya rangi, kwa sababu kurasa nyingi alizoziona zimeandikwa kijivu juu ya weupe, na zinamkera.

“Nataka mtu aliyesahau miwani nyumbani afungue ukurasa wangu, asome bila kukunja uso,” anasema.

“Bwana Miwani asikusikie,” binti anamwambia.

Mlangoni mwa karakana anaulizwa kama habari ya mkono wake iandikwe gazetini au iachwe. Wateja watasoma. Hata wale ambao bado wanaamini ana kazi nyingi watasoma.

Anatafuta ufunguo kwenye mkoba. Unamchukua muda kuuingiza kwenye kufuli, na binti, aliyesimama karibu, hamsaidii, kwa sababu hajaombwa.

“Andika,” anasema kufuli linapofunguka. “Atakayekuja baada ya hapo, atakuwa amekuja akijua.”